Maziwa ya saa kumi: Je, yanamfaa anayehesabu kalori?

Saa kumi jioni ndiyo saa ngumu kwa mtu aliyeamua kupunguza uzito hapa Pwani. Chakula cha mchana kimeshashuka, cha usiku bado kiko mbali, na kila kona ya mtaa pana karai la mafuta lililobandikwa: viazi, bhajia, kaimati. Nyumbani nako kuna mahamri yaliyobaki asubuhi, yamefunikwa kwenye hotipoti yakikusubiri. Hapo ndipo wengi hushauriwa wanywe kikombe cha maziwa badala ya kutafuna. Ushauri huo si mbaya, ila una sharti ambalo aghalabu halitajwi. Maziwa ni chakula, nayo huhesabiwa kama inavyohesabiwa chapati.

Kikombe cha mililita 250 cha maziwa ya ng'ombe ambayo hayajapunguzwa mafuta kina kalori 150 hivi. Ndani yake mna takriban gramu 8 za mafuta, gramu 8 za protini na gramu 12 za laktosi, yaani ile sukari ya asili ya maziwa. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, ilhali gramu ya protini au ya sukari hutoa kalori 4. Ukizidisha na kujumlisha mwenyewe utaona kwamba karibu nusu ya kalori hizo zinatokana na mafuta.

Je, 150 ni nyingi au chache? Kwa makadirio ya jumla, mwanamke mzima huhitaji kalori kama 2,000 kwa siku na mwanamume kama 2,500, kutegemea umri, kimo na kazi anayofanya. Wengi wanaotaka kupungua hujaribu kukata kalori 500 hivi kila siku. Basi kikombe kimoja ulichokunywa ukasahau kukihesabu kimeshakula karibu theluthi ya jitihada zako za siku hiyo.

Tatizo la kwanza huwa ni kikombe chenyewe. Vitabu vya lishe vinaposema kikombe vinamaanisha mililita 250 au chini kidogo. Vile vikombe vikubwa vya mkono tunavyonywea chai majumbani vingi huingia mililita 350 hadi 400. Njia rahisi ya kujua ni kuchukua pakiti ya maziwa ya nusu lita na kukijaza kikombe chako unachokipenda, kisha uangalie kilichobaki kwenye pakiti. Kikibaki nusu, kikombe chako ni cha vitabuni. Kikibaki kidogo tu, hesabu yako yote ya wiki iliyopita ilikuwa pungufu.

Na kuna wanaoikata pakiti hiyo pembeni na kuimaliza kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni kalori 300 na kidogo. Kijana wa mjengo anayekula nusu mkate na pakiti ya maziwa adhuhuri anajua anachofanya, maana saruji ya mchana itazichoma. Mtu anayeshinda kwenye kiti ofisini akila hivyo hivyo, zinabaki naye.

Badala ya, si pamoja na

Hamri moja la wastani, ukihesabu unga, sukari, tui na mafuta liliyoyanywa kwenye karai, haliko mbali na kalori 150 hadi 200. Mahamri mawili na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari vinaweza kukufikisha 400 na zaidi. Kikombe cha maziwa matupu kikichukua mahali pa hayo yote, umeokoa kalori 250 kwa kikao kimoja. Kikinywewa kando ya mahamri, umeongeza 150 juu ya mzigo. Sioni sababu ya kuificha hesabu hii: faida ya maziwa kwa anayejipunguza iko katika kile yanachokiondoa mezani.

Ukiangalia kalori peke yake, soda inaweza hata kuonekana bora. Chupa ya mililita 300 ina kalori 120 na kitu, chini ya maziwa. Lakini zote hizo ni sukari, na baada ya saa moja njaa inarudi pale pale ilipokuwa. Maziwa yana protini, na sehemu kubwa ya protini hiyo huganda tumboni ikasagwa polepole. Mafuta nayo huchelewesha chakula kutoka tumboni. Ndiyo maana kikombe kinaweza kukusukuma hadi saa mbili usiku bila kuhangaika.

Hata hivyo tumbo halikioni kinywaji kama linavyokiona chakula cha kutafuna. Kalori za kunywa hushibisha kidogo kuliko zile za kutafuna, hasa zikinywewa haraka. Yapashe moto, uketi, uyanywe taratibu. Ukiweza, nunua na yai moja la kuchemsha la kachumbari kutoka kwa yule anayepita na ndoo. Yai lina kalori 75 hivi, na kwa pamoja utakuwa umepata kama gramu 14 za protini kwa kalori 225. Ni kitafunio ambacho karai la kaimati haliwezi kushindana nacho.

Sukari ndiyo inayoharibu hesabu. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4, yaani kalori 16, na sisi watu wa Pwani hatujui kusawazisha kijiko. Anayetia vijiko vitatu vya kilima kwenye maziwa ameongeza kalori 60 au zaidi. Iliki, mdalasini na tangawizi hazina kalori za kuhesabika, nazo huyapa maziwa ladha inayomfanya mtu asahau sukari baada ya siku chache. Wiki ya kwanza ni chungu, nakiri.

Soma pakiti

Duka kubwa lina maziwa ya aina nyingi, na tofauti zake zina maana. Yaliyopunguzwa mafuta hadi asilimia 1.5 yana kalori kama 115 hadi 120 kwa kikombe, na yaliyoondolewa mafuta yote yana 85 hadi 90. Protini haibadiliki. Vibanda vingi vya mtaani havina aina hizi, na zikiwepo huwa ghali zaidi, kwa hivyo kwa wengi njia nafuu ni kupunguza kipimo cha maziwa ya kawaida: mililita 150 badala ya 250 ni kalori 90 hivi.

Wanaonunua maziwa ya kupimiwa, ya mashine au ya mfugaji, wana njia nyingine. Yachemshe, yaache yapoe, yalaze kwenye friji. Asubuhi utakuta malai yameganda juu. Malai hayo ni mafuta, na ukiyatoa umepunguza kalori, ingawa huwezi kujua hasa ni ngapi. Maziwa ya pakiti hayatoi malai mengi kwa sababu mafuta yake huwa yamevunjwavunjwa kiwandani yasiweze kujitenga. Kuyachemsha maziwa ya mfugaji si suala la kalori hata kidogo: maziwa mabichi huweza kubeba vijidudu vya bruselosi na kifua kikuu.

Maziwa lala yasiyotiwa sukari yana kalori karibu sawa na maziwa yaliyotengenezewa. Mtindi wa ladha za matunda ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa kuwa tangazo husema ni chakula cha afya. Geuza chupa uangalie mstari wa sukari kwa kila mililita au gramu 100. Maziwa matupu huonyesha karibu 5, ambayo ni laktosi tu. Ukikuta 12, basi 7 zimetiwa na mtengenezaji. Kwa chupa ya 250 hizo ni zaidi ya gramu 17, vijiko vinne vya sukari na ushei. Kama nishati imeandikwa kwa kilojuli pekee, gawanya kwa 4.2 upate kalori.

Maziwa ya ngamia yana kalori zinazokaribiana na za maziwa ya ng'ombe, na ya mbuzi huzidi kidogo. Tui la nazi, ambalo siku hizi husikika likiitwa maziwa ya nazi, halimo katika mazungumzo haya: tui zito lina kalori zipatazo 230 kwa kila gramu 100 na protini kidogo sana. Libaki kwenye mbaazi na wali.

Kuna ambao maziwa hayawapatani. Watu wazima wengi hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga laktosi, na wakinywa kikombe kizima tumbo huunguruma, hujaa gesi au huharisha. Jamii za wafugaji huwa na watu wengi zaidi wanaobaki na uwezo huo ukubwani, jambo linaloeleza kwa nini rafiki yako kutoka kwa jamii hizo humaliza kibuyu bila shida nawe ukateseka kwa gilasi moja. Anayesumbuka anaweza kujaribu nusu kikombe pamoja na chakula, au maziwa lala, kwa kuwa sehemu ya laktosi yake imeshaliwa na bakteria wanaoyagandisha. Tumbo likikataa hata hapo, yai na tunda vinatosha kwa saa kumi.

Mgonjwa wa kisukari azihesabu zile gramu 12 za laktosi pamoja na wanga mwingine wa siku, hata kama hakutia sukari. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa sababu maziwa yana fosforasi na potasiamu nyingi, na huenda amewekewa kipimo. Na hesabu hizi zote ni za watu wazima. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hapewi maziwa yaliyopunguzwa mafuta kwa sababu mama yake anajipunguza, maana anayahitaji mafuta hayo kukua.