Breki ya Wakubwa: Muda, Nafasi na Haki katika Madarasa ya Juu ya Shule za Msingi za Huruma

Shule nyingi za msingi za Nairobi, zikiwemo za mtaa wa Huruma, huendeshwa kwa kanuni ambayo hakuna anayeweza kuionyesha katika kifungu chochote cha sheria: mtoto akipanda darasa, breki yake hupungua. Kengele ikilia, wa Gredi ya 1 hadi ya 3 hutoka. Wa Gredi ya 4 kwenda juu wanaweza kubakizwa wamalizie kunakili ubaoni, wasahihishiwe madaftari, wapewe masomo ya ziada au watumikie adhabu. Wanaoitetea kanuni hii husema mambo mawili. Kwanza, kwamba kucheza ni haja ya wadogo, na mkubwa anayeng'ang'ania uwanja anajirudisha utotoni. Pili, kwamba silabasi ya madarasa ya juu ni pana na muda hautoshi, kwa hiyo breki ndiyo akiba pekee iliyobaki ya kuchotwa. Makala haya yanadai kwamba hoja ya kwanza haina ushahidi, na kwamba ya pili, kwa Gredi ya 4 hadi ya 6, inavunjwa na ratiba yenyewe ya mtaala. Yanadai pia kwamba hasara ya kanuni hii haiwi sawa kila mahali, na kwamba Huruma ni miongoni mwa mahali inapouma zaidi.

Kuhusu umri hapahitajiki maneno mengi. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia 1990, inatambua haki ya kupumzika na kucheza bila kuwagawa watoto kwa madarasa, na Katiba ya 2010 humwita mtoto kila ambaye hajatimiza miaka 18. Upande wa utafiti, Anthony Pellegrini na wenzake walichapisha mwaka 1995 majaribio yaliyofanywa Marekani, ambamo watoto wa chekechea, darasa la pili na darasa la nne walipangiwa kutoka nje kwa nyakati tofauti. Kwa jumla, usikivu uliporomoka kadiri mapumziko yalivyocheleweshwa, na wa darasa la nne hawakusalimika. Mwaka 2009 Romina Barros na wenzake walichunguza taarifa za watoto wapatao 11,000 wa miaka 8 hadi 9, wakaona kwamba waliopata zaidi ya dakika 15 za mapumziko kwa siku walisifiwa zaidi na walimu wao kwa mwenendo darasani. Utafiti huo wa pili hauthibitishi kwamba mapumziko ndiyo yaliyoleta mwenendo mwema, na tafiti zote mbili zilifanywa mbali na Huruma. Hata hivyo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia anayetaka kuondoa mapumziko, na kwa upande huo sijaona hata jaribio dogo la kuonyesha kwamba mtoto wa miaka 11 ana ubongo usiochoka.

Hoja ya muda ndiyo yenye uzito, na ndiyo inayostahili kupigiwa hesabu. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015, katika kanuni ya 84, zinaweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kisha shughuli za nje ya darasa hadi saa kumi na moja kasorobo. Hizo ni dakika 450 za masomo kwa siku, yaani 2,250 kwa wiki. Baada ya marekebisho yaliyotokana na ripoti ya jopo la Profesa Raphael Munavu ya 2023, mzigo wa masomo ulipunguzwa: Gredi ya 1 hadi ya 3 vipindi 31 vya dakika 30 kwa wiki, Gredi ya 4 hadi ya 6 vipindi 35 vya dakika 35, na sekondari msingi vipindi 40 vya dakika 40. Zidisha. Madarasa ya chini yanadaiwa dakika 930, ya kati 1,225, na sekondari msingi 1,600. Kwa siku moja, mwanafunzi wa Gredi ya 5 anadaiwa dakika 245 za kufundishwa kati ya 450. Zinabaki 205. Ondoa saa nzima ya chakula cha mchana, nusu saa ya gwaride na kuita majina, na nusu saa nyingine kwa walimu kubadilishana madarasa: bado zinasalia dakika 85. Kwa hiyo mwalimu anayemzuia mtoto wa Gredi ya 5 ndani saa za breki hafanyi hivyo kwa sababu mtaala umemaliza muda. Muda upo. Umetumiwa kwa jambo jingine, na mara nyingi jambo hilo ni vipindi vya ziada visivyo katika ratiba rasmi, desturi iliyorithiwa kutoka enzi ya mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Mtihani umezikwa lakini tanga lake halijaanuliwa.

Hesabu hiyohiyo inafichua jambo ambalo watetezi wa breki, nikiwemo mimi, tusingependa kulikuta. Kwa sekondari msingi dakika zinazobaki kwa siku ni 130, na baada ya makato yaleyale zinasalia 10 tu. Hapo ndipo palipo na ubanaji wa kweli. Tangu Januari 2023, Gredi ya 7, kisha ya 8 na ya 9, zimewekwa ndani ya shule za msingi, ua mmoja na mara nyingi kengele moja. Ninachokishuku, ingawa ratiba peke yake haiwezi kukithibitisha, ni kwamba shule inayotumia kengele moja huishia kuwapimia wote kwa kipimo cha aliyebanwa zaidi. Mtoto wa Gredi ya 4 anaishi kwa ratiba ya wa Gredi ya 9, kisha anaambiwa kwamba huko ndiko kukua.

Sasa tazama mahali. Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha 2011 kilicholinganisha Berlin ya karne ya 19 na Nairobi ya leo, aliihesabu Huruma miongoni mwa mitaa ya majengo ya kupangisha iliyosongamana kupita kiasi: ghorofa juu ya ghorofa, chumba kimoja kwa familia, choo cha kushirikiana, kiwanja chote kikiwa kimejengwa hadi mpakani. Mtaa uliojengwa hivyo hauna ua wa kuchezea. Kuna kichochoro, ngazi, paa lenye kamba za nguo, na barabara yenye matatu na bodaboda. Mtoto wa kitongoji chenye bustani akinyimwa breki atacheza jioni nyumbani kwao. Wa Huruma akinyimwa breki, kwa siku nyingi hapati pengine. Kwa msichana wa miaka 11 au 12 deni hili ni maradufu, maana umri uleule unaotajwa shuleni kuwa sababu ya kumpunguzia mchezo ndio unaotajwa nyumbani kumtuma maji, kumbebesha mdogo wake na kumtaka apike. Kaka yake akitoka shule ana nafasi ya kuupiga mpira kichochoroni; yeye saa yake ya kucheza blada na kati ilikuwa ni ile iliyochukuliwa na daftari la hesabu.

Pingamizi moja nalikubali kwa sehemu. Wakubwa wakiachiwa uwanja mdogo pamoja na wadogo, huuteka. Wavulana wa Gredi ya 8 wakianza mechi, wa Gredi ya 1 hujibanza ukutani, na anayepita katikati huangushwa. Katika shule nyingi za watu binafsi na za jamii zinazosajiliwa kama taasisi za elimu mbadala, ambako pengine hakuna uwanja ila nafasi kati ya madarasa ya mabati, hatari hiyo ni ya kila siku. Lakini tatizo la nafasi hutatuliwa kwa zamu, na walimu wa Huruma wanajua kupanga zamu kuliko mtu yeyote. Kuwatoa wa madarasa ya chini saa tatu unusu na wa madarasa ya juu robo saa baadaye kunahitaji mwalimu wa zamu wa pili na kengele ya pili. Hakuhitaji ardhi. Anayetaja msongamano kisha akaamua kuwafungia wakubwa ndani amechagua njia nyepesi na kuiita usalama.

Pingamizi la pili, kwamba elimu ya viungo ndani ya vipindi sita vya Sanaa Bunifu inatosha, halinishawishi. Kipindi hicho kina mwalimu, lengo na tathmini. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika maelezo yake ya jumla namba 17 ya 2013, inautambulisha mchezo kuwa shughuli inayoanzishwa na kuongozwa na watoto wenyewe. Kujua nani ameotea, nani anadanganya na nani asamehewe ni somo ambalo mtoto wa miaka 12 analihitaji zaidi ya wa miaka 6, kwa kuwa marafiki wake sasa ndio mahakama yake. Sioni kipindi kinachoweza kulifundisha, ingawa nakiri kwamba hapa nasimama juu ya hoja kuliko takwimu.

Wizara ya Elimu inaweza kuliamua jambo hili kwa sentensi moja katika kanuni ya 84: dakika zisizopungua idadi fulani za mapumziko kwa kila gredi, zisizochukuliwa kwa masomo wala kwa adhabu. Kwa Gredi ya 4 hadi ya 6 ratiba ina nafasi ya kutosha leo. Kwa sekondari msingi itabidi vipindi vipunguzwe tena au siku ipangwe upya, na wataalamu wa mtaala waseme wazi wanachagua lipi. Bodi za shule za Huruma, kwa upande wao, hazina sababu ya kusubiri Wizara: zipige marufuku muhula huu kumfungia mtoto ndani saa ya breki kwa kosa la nidhamu au kazi isiyokamilika. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ushauri huohuo mwaka 2013, na hapa kwetu hautagharimu hata shilingi.