Mtoto Mbele ya Moto wa Nyika

Mjini Missoula, jimbo la Montana, Idara ya Misitu ya Marekani ina maabara ya kuchunguza moto. Humo ulizaliwa mtaala wa shule uitwao FireWorks, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2000. Somo lake mashuhuri linataka ubao wenye matundu na njiti za kiberiti tu. Wanafunzi huchomeka njiti wima mfano wa miti, huuinamisha ubao, kisha hutabiri: moto utakimbilia juu au chini? Njiti zikisongamana, je? Baada ya hapo huwashwa, hutazamwa, na jaribio hurudiwa mteremko ukiwa umebadilishwa na mengine yote yakiachwa vilevile. Mtoto hujionea kwamba moto hupanda mlima kwa kasi, kwa kuwa ndimi zake huinamia kilicho juu na kukikausha kabla ya kukifikia. Ni sayansi safi. Msitu ule wa njiti hauna jina wala wafu.

Strathewen ina vyote viwili. Kijiji hiki kiko kaskazini mashariki ya Melbourne, Australia. Tarehe 7 Februari 2009, siku inayoitwa huko Jumamosi Nyeusi, moto uliua watu 173 katika jimbo la Victoria, 27 kati yao hapa, na shule ya msingi ikateketea. Shule ilipojengwa upya, iliungana na wazimamoto wa kujitolea wa CFA, shirika la zimamoto la vijijini Victoria, kuwafundisha wanafunzi wa madarasa ya juu. Nao hupima joto, unyevu wa hewa na kasi ya upepo, vipimo ambavyo mtafiti wa moto wa Australia, Alan McArthur, alivitumia miaka ya 1960 kukadiria hatari ya moto. Lakini hawaishii kwenye daftari: hufinyanga sanamu za udongo, huzipiga picha moja moja, na kuziunga ziwe filamu ya kuwaeleza wanakijiji maana ya viwango vya hatari. Missoula, somo hutimia mtoto anapoelewa; Strathewen, hutimia mzazi wake anapoelewa. Naliheshimu sana jambo hili, kwani ingekuwa rahisi kuwafichia watoto wale habari nzima.

Kaskazini mwa nchi hiyohiyo, kwenye uwanda wa juu wa Arnhem ya Magharibi, moto hauanzi kama adui. Wazee wa Bininj, wenyeji wa asili wa huko, huchoma nyika mapema, kiangazi kikiwa bado kichanga na umande wa usiku ukiweza kuuzima moto, ili ule mkali wa mwishoni mwa kiangazi ukose chakula. Tangu 2006 kazi hiyo huendeshwa pia kwa helikopta na ramani za setilaiti, na watoto wa shule iliyoanza 2015 Kabulwarnamyo, uwandani humo, hujifunza nyikani pamoja na walinzi wa ardhi na wazee.

Hata hivyo, kiberiti cha Arnhem hakihamishiki hivihivi hadi kusini. Nyasi za savana huchipua tena kila masika, na zikichomwa mapema huungua kwa moto mfupi. Mikaratusi ya Victoria hurusha magome yanayowaka, upepo ukayatupa kilomita nyingi mbele ya moto wenyewe. Ndiyo maana mtoto wa Strathewen hufundishwa kwanza kusoma hali ya hewa, na kuondoka mapema.