Hekima ya Waluba Ilizaliwa Barazani

Mwaka 1945 Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alichapisha huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu. Alikuwa ameishi miaka mingi kati ya Waluba wa Katanga, akashikilia kwamba wana falsafa kamili, iliyojengwa juu ya nguvu ya uhai. Wakati ule huo ulikuwa ujasiri, na anastahili heshima yake. Hata hivyo kitabu kiliing'oa hekima ya Waluba kutoka kwenye mzizi wake, yaani utawala. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alilikemea jambo hilo mwaka 1950: msomaji akishasadiki kwamba Mbantu anatamani heshima kuliko mshahara, mkoloni hana tena cha kuogopa. Na Desemba 1941, katika mji uleule wa Élisabethville, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière walikuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara, askari wakawapiga risasi.

Wayunani tunaofundishwa kuwaheshimu hawakutenganisha hekima na utawala. Socrates alihukumiwa kifo na raia wa Athens mwaka 399 kabla ya Kristo; mwanafunzi wake Plato akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuuliza nani anafaa kutawala. Waluba waliuliza swali hilohilo kwa njia ya masimulizi. Nkongolo ni mfalme katili, mlevi, asiye na adabu. Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, upande wetu huu wa Kalemie, analeta mwenendo mwingine wa kifalme: hali chakula mbele za watu, anajizuia. Mwanawe Kalala Ilunga anaandaliwa na Nkongolo ngoma juu ya shimo lililofunikwa, anaponea chupuchupu, kisha anarudi na jeshi na kumwangusha Nkongolo. Hapo nasoma hoja iliyo wazi: nguvu peke yake haimpi mtu haki ya kutawala. Hoja hiyo ilikuwa na walinzi wake, chama cha mbudye, ambamo mfalme mwenyewe aliingizwa kwa ibada zake. Wakuu wa chama waliisoma historia kwenye lukasa, kibao cha mbao chenye shanga, wakipitisha vidole juu yake, na kwa historia hiyo waliweza kumpima aliyeketi kitini.

Wapo watakaosema hizo ni hadithi, maana falsafa huhitaji maandishi na mtu mmoja anayejibu kwa jina lake; Paulin Hountondji wa Benin alilitetea hilo kwa nguvu. Nakubali kwamba maandishi hurahisisha ubishi. Lakini Socrates hakuandika kitu. Pingamizi zito zaidi ni la historia yenyewe: baada ya kifo cha mfalme Ilunga Kabale, karibu mwaka 1870, wanawe walipigania kiti huku biashara ya pembe na watumwa ikiila nchi, na mbudye hawakuweza kuzuia. Ni kweli, na inauma. Plato naye alikwenda Syracuse kumwelekeza mtawala wake, Dionysius wa Pili, akashindwa. Kushindwa huko hakukufuta swali lake.

Reli kutoka Kalemie yetu inafika Kabalo, kwenye mto Lualaba, katika nchi ya Waluba. Mwalimu anayemfundisha Plato huku kwetu amfundishe na Kalala Ilunga, katika somo lilelile, na wanafunzi waulizwe nani anafaa kutawala.