Ngoma ya Mwili Wenye Njaa

Mwaka 1968 nchi ya Japani ilikuwa imeshiba. Vita vilivyokwisha mwaka 1945 viliiachia majivu na njaa. Lakini baada ya miaka 23 tu, utajiri wake uliipita Ujerumani ya Magharibi, na miongoni mwa nchi za kibepari ikawa ni Marekani peke yake iliyobaki mbele. Katika mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo, mchezaji mmoja aitwaye Tatsumi Hijikata alitokea mbele ya watazamaji mjini Tokyo hali amekonda, mbavu zake zahesabika. Hakuwa mgonjwa, wala hakukosa chakula. Alijinyima kula kwa makusudi ili aje kucheza hivyo. Mchezo wenyewe ulijulikana kwa jina la Maasi ya Mwili.

Kwa nini mtu ajitie njaa katika nchi iliyoshiba? Jawabu halionekani jukwaani. Hapana budi tulitafute nyuma.

Watawala wa Japani walijishughulisha na matumbo ya raia tangu kale. Mwaka 675 mfalme Tenmu alikataza, kwa miezi kadhaa ya kila mwaka, kula nyama ya ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku. Amri haikushika kila mahali, walakini kwa karne nyingi watu wengi waliona kula ng'ombe kuwa unajisi. Kisha mwaka 1872 ikatangazwa kwamba mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe. Wakuu walikuwa wamewatazama Wazungu, vimo vyao na mizinga yao, wakasadiki kwamba nguvu ile huanzia mezani. Mwili wa Mjapani ukahesabiwa kuwa na kasoro, nao ukapewa dawa.

Baada ya chakula ikafuata ngoma. Mwaka 1912 Mwitalia Giovanni Vittorio Rosi alifika Tokyo kufundisha baleti, yaani ile ngoma ya Ulaya ambayo mchezaji husimama juu ya ncha za vidole, miguu imenyooka, kana kwamba ardhi yamuunguza.

Sasa tumrudie Hijikata. Alizaliwa mwaka 1928 katika jimbo la Akita, upande wa kaskazini uitwao Tohoku, nchi ya mpunga na theluji. Mpunga hutaka joto ili uchanue na kujaza punje. Kiangazi kikiwa cha baridi, shamba hutoa mapepe matupu. Baridi ya namna hiyo ilileta njaa kuu katika miaka ya 1780, ikaua watu maelfu kwa maelfu. Ilirudi mwaka 1934, Hijikata akiwa mtoto wa miaka sita. Wako wazazi waliouza binti zao mwaka ule, ili waliosalia nyumbani wapate kula. Tena si katika miaka ya baa tu: wakulima wengi wa Tohoku waliupeleka mchele mijini, wao wenyewe wakala nafaka duni zilizofanana na ulezi.

Katika hotuba aliyoitoa mwaka 1985, Hijikata alieleza jinsi watoto wa huko walivyolelewa. Mama alimfunga mtoto ndani ya kapu la mabua ya mpunga, akamwacha kando ya shamba, akaenda kuinama matopeni hata jioni. Mtoto alilia, upepo ulikuwa mkali, hakuna aliyemsikia. Alipotolewa, miguu ilikuwa imejikunja, haikunyooka wala haikuweza kumsimamisha. Wewe msomaji, uliyebebwa mgongoni wakati wa palizi, huenda ukadhani akina mama wale walikuwa na mioyo migumu. La, hasha! Kazi ndiyo iliyokuwa ngumu.

Miguu hiyo ndiyo Hijikata aliyoipeleka jukwaani. Tangu mwaka 1959 alikuwa ameanza kuunda ngoma mpya, ambayo baadaye iliitwa buto. Mwaka 1972 alionyesha michezo yake mjini Tokyo kwa usiku 27. Katika mmojawapo, uliokuwa na habari za ndui, alilala sakafuni, mwembamba kama ukuni, akajaribu kuinuka, akaanguka, akajaribu tena. Wachezaji wake walikwenda wameinama, magoti nje, kama watu watokao kupandikiza mpunga. Kila walichofundishwa kunyoosha, wao walikipinda.

Yafaa hapa mwanafunzi wa historia awe mwangalifu. Kumbukumbu za msanii si daftari la kodi. Hijikata alipenda kuutia chumvi utoto wake. Alikuwa akisema, kwa mfano, kwamba dada yake marehemu anakaa ndani ya mwili wake. Maneno kama hayo hayatuambii ni magunia mangapi yalivunwa Akita mwaka 1934. Walakini daftari la kodi nalo halina habari za miguu ya mtoto. Mimi, nikilazimishwa kuchagua shahidi mmoja, ningekataa kuchagua.

Hijikata alifariki mwaka 1986. Kati ya mwaka 1965 na 1968 alikuwa amerudi mashambani pamoja na mpiga picha Eikoh Hosoe, na picha zao zikatoka katika kitabu mwaka 1969. Nyingi zilipigwa katika kijiji cha Tashiro, huko huko Akita. Katika moja anakimbia kukata shamba la mpunga, amekumbatia mtoto mchanga. Katika nyingine ameketi kati ya wakulima. Hawakuwa wamealikwa kutazama ngoma, wala hawakununua tiketi. Wanamtazama mtu huyu wa Tokyo aliyekuja kuwaonyesha miili yao wenyewe, nao wanacheka.