Dakika Moja Bondeni: Safari Rally na Sifa za Saa za Kifahari

Sifa ya saa ya kifahari, yaani saa ya mkono ambayo bei yake huipita mbali gharama ya kujua wakati, haitokani na dhahabu na vito peke yake. Wapenzi wa saa, wale wanaozikusanya, kuzichunguza na kubishana juu yake, huiheshimu chapa hasa kwa kazi ambayo saa zake ziliwahi kuifanya pale ambapo kosa la dakika moja lilikuwa na gharama, na ndiyo sababu kampuni za Uswisi zimetumia zaidi ya nusu karne kujifungamanisha na mashindano ya magari. Safari Rally, mashindano ya Afrika Mashariki ambayo tangu mwaka 2021 makao yake yako Naivasha, yanastahili kusomwa kama sehemu ya historia hiyo, kwa kuwa humo huonekana wazi jinsi sifa inavyochumwa barabarani na jinsi inavyoweza kununuliwa kwa matangazo.

Naivasha iliijua thamani ya dakika kabla ya magari ya mashindano kufika. Reli ya Uganda, iliyoteremka kuta za Bonde la Ufa na kupita hapo mwanzoni mwa karne ya 20, ilileta ratiba ya treni, na kuanzia mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways, zilizosafiri kati ya Uingereza na Afrika Kusini, zilitua katika Ziwa Naivasha zikifuata ratiba ya namna hiyo hiyo. Ratiba hizo zilihesabu saa kuanzia usiku wa manane, ilhali wasemaji wa Kiswahili huhesabu kuanzia macheo, hata akrabu fupi ikielekea saba asubuhi wao husema ni saa moja. Hesabu hizo mbili hupishana kwa saa sita kamili, lakini dakika zake ni zile zile, na mashindano yaliyokuja baadaye yalijengwa juu ya dakika hiyo ya pamoja.

Mashindano hayo yalianza tarehe 27 Mei 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Eric Cecil na wenzake walioyaanzisha hawakuyagawa magari kwa ukubwa wa injini, kama ilivyokuwa desturi Ulaya, bali kwa bei yake dukani, na magari yenyewe yalitakiwa kuwa kama yalivyouzwa, ili mnunuzi wa kawaida aone kwa macho yake ni gari lipi la bei yake lingestahimili matope ya masika na mawe ya barabara za bara. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Safari yalikuwa mizani ya kupimia sifa za chapa. Magari yangali njiani, tarehe 29 Mei, Tenzing Norgay na Edmund Hillary walifika kilele cha Everest, na kampuni za saa zikaanza shindano la aina nyingine: Rolex, iliyokuwa imewapa wapandaji wa msafara huo saa zake, ilijenga juu ya ushindi huo sifa ya saa yake iitwayo Explorer, na Smiths ya Uingereza nayo ikatangaza kwamba saa aliyoivaa Hillary ilikuwa yake. Wapenzi wa saa wanaujadili ubishi huo hadi leo.

Katika Safari ya zamani kazi ya kuulinda wakati ilikuwa ya mwelekezi, yaani mtu anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia. Gari liliondoka kwa zamu, likapewa muda maalumu wa kufika kila kituo cha ukaguzi, na kila dakika ya kuchelewa ikaandikwa kuwa adhabu, hivyo mshindi akawa yule aliyelimbikiza dakika chache kuliko wote baada ya mwendo wa maelfu ya kilomita katika barabara ambazo malori na mabasi yaliendelea kuzitumia. Kwa kazi kama hiyo, waelekezi wa mashindano ya magari walifunga kwenye dashibodi saa za pekee, na kampuni iliyosifika mno kwa saa hizo ni Heuer, iliyoasisiwa na Edouard Heuer huko Uswisi mwaka 1860. Saa yake ya dashibodi ya mwaka 1933 iliitwa Autavia, jina lililounganisha magari na urubani. Mwaka 1958 Jack Heuer, kitukuu cha mwasisi, akiwa mwelekezi katika mashindano nchini mwake, aliisoma Autavia vibaya kwa dakika nzima na kuukosa ushindi, na uchungu wa kosa hilo ukamfanya abuni saa nyingine, Monte Carlo, ambayo idadi ya saa ilionekana kwa tarakimu katika kidirisha, isiweze kusomwa visivyo gizani na katika mtikisiko.

Uzito wa dakika haukuwahi kudhihirika kama mwaka 1973. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na mwelekezi wake Lofty Drews katika Datsun 240Z, alimaliza akiwa na adhabu ya dakika 406, na Harry Källström wa Sweden, naye katika Datsun, akamaliza akiwa na dakika 406 zile zile. Kwa kuwa kipimo cha mashindano hakikushuka chini ya dakika, hakuna saa iliyoweza kuwatenganisha, na ushindi ukatolewa kwa Mehta kwa kanuni iliyompendelea aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kuadhibiwa. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1979 hadi 1982.

Ushindi wa mwaka 1973 ulikuwa pia wa Wajapani, kwani Datsun ilikuwa imeshinda mwaka 1970 na 1971, na sifa iliyochumwa kwenye vumbi iliwafikia wanunuzi wa Afrika Mashariki kwa njia ile ile ambayo waanzilishi waliikusudia. Katika miaka hiyo hiyo saa za Uswisi zilipata mpinzani kutoka Japani: tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ilitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono iliyouzwa ikiendeshwa kwa kwatsi, yaani jiwe angavu linalotetemeka kwa kasi isiyobadilika likipitishiwa umeme wa betri. Saa za aina hiyo ziliposhuka bei ziliipita kwa usahihi saa yoyote ya springi, na viwanda vingi vya Uswisi vikafungwa. Familia ya Heuer iliipoteza kampuni yake mwaka 1982, ikawa TAG Heuer mwaka 1985, na mwaka 1999 ikanunuliwa na LVMH, kampuni ya Ufaransa ya bidhaa za anasa.

Saa ya springi iliposhindwa katika usahihi, ilibaki na kumbukumbu, na hapo ndipo mkakati wa chapa za kifahari ulipokamilika. Heuer ilikuwa imeipa saa yake ya mwaka 1963 jina la Carrera, kutokana na mashindano ya barabara ya Mexico, na mwaka 1969 ilimlipa dereva Jo Siffert avae nembo yake. Rolex nayo ilichukua jina la uwanja wa mbio wa Daytona, Florida, kwa saa ambayo mwanzoni haikuchangamkiwa madukani, lakini mwaka 2017 ile iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman, aliyekuwa pia dereva wa mbio, iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 17.75. Umaarufu wa namna hiyo haukulifikia jina la Safari, ingawa mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyoweza kumaliza, na ingawa Joginder Singh, dereva wa Kenya aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa na kila sifa ya shujaa ambaye wauzaji wa saa humtafuta. Majina yaliyochorwa kwenye nyuso za saa yalikuwa yale yaliyojulikana na wanunuzi wa Ulaya na Marekani, na ugumu wa kazi haukutosha kuwa kigezo.

Safari yalitoka katika ubingwa wa dunia wa rally baada ya mwaka 2002, na yaliporejea Juni 2021 yaliweka makao Naivasha, mikondo yake ikipita Kedong, Loldia na Hell's Gate, ambako majivu ya kale ya volkeno husagika kuwa vumbi laini linalofunika magurudumu. Mwaka huo dereva Sébastien Ogier alimshinda mwenzake Takamoto Katsuta kwa sekunde 21.8, tofauti ambayo katika hesabu ya mwaka 1973 haingefika hata nusu dakika. Sasa sehemu za kumi za sekunde hupimwa kwa mitambo ya kielektroniki, na mwelekezi hahitaji tena saa ya springi kwenye dashibodi.

Kwa hiyo mpenzi wa saa anayetaka kujua ni nini hasa anachokienzi katika kronografu ya zamani, yaani saa yenye akrabu ya ziada ya kupimia muda, ana sababu ya kuisoma historia ya Safari pamoja na ile ya mbio za Daytona na Le Mans. Chapa inaweza kununua jina la mashindano na bega la dereva, lakini heshima ambayo wapenzi hao huidai ilitokana na watu walioukodolea macho uso wa saa usiku kucha katika barabara mbovu, wakijua kwamba dakika waliyoipoteza haingerudi. Dakika 406 za Mehta na Drews ni sehemu ya heshima hiyo, hata kama hakuna kampuni iliyoziandika kwenye saa yake.