Daftari za Mengo na Uvimbe wa Taya

Katika kitabu hiki cha jubilii wengine wameandika habari za makanisa na za shule, na sisi tumepewa kuandika habari za utabibu. Tungeweza kuhesabu majengo na vitanda, lakini tumeona afadhali kueleza habari za ugonjwa mmoja tu. Ugonjwa huo ulipata kujulikana ulimwenguni kwa kazi iliyofanywa katika Afrika ya Mashariki, na hospitali za misioni zilikuwa na sehemu kubwa katika kazi ile. Tena watoto wetu wangali wakiugua, na wengi huletwa kwa waganga wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt. Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai zisizoonekana kwa macho matupu. Seli huzaliwa, hugawanyika, hufa, kila moja kwa kipimo chake. Saratani huanza pale seli moja inapoacha kipimo hicho, ikagawanyika pasipo kukoma, na uzao wake vivyo hivyo, hata ukawa uvimbe. Saratani nyingi hukua polepole kwa miaka. Hii ina haraka kupita karibu zote. Uvimbe waweza kuwa maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Mwalimu amwonaye mtoto shuleni leo na shavu lililovimba kidogo, baada ya juma mbili aweza kumkuta jicho limesukumwa mbele na meno yalegea.

Watu husema saratani ni ugonjwa wa Ulaya ulioletwa na vyakula vya kisasa. Jambo hili si kweli, na ushahidi umo katika daftari za misioni. Mwaka wa 1897 Daktari Albert Cook alifika Uganda pamoja na wamisionari wa C.M.S., akaanzisha hospitali ya Mengo mwaka ule ule. Alikuwa mtu wa kuandika. Kila mgonjwa aliandikiwa habari zake, na mara nyingi Cook alichora kwa mkono wake mahali palipougua. Miaka mingi baadaye waganga wa Mulago, akiwamo Daktari J. N. P. Davies, walizipekua karatasi zile moja moja, wakaona saratani za namna nyingi, na miongoni mwazo watoto wenye taya zilizovimba. Basi ugonjwa ulikuwapo tangu zamani. Uliokosekana ni mtu wa kuuliza kwa nini.

Mtu huyo alikuwa Denis Burkitt, mpasuaji wa Kiayalandi aliyezaliwa mwaka wa 1911. Alipokuwa mtoto wa miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja, kwa hiyo kazi yake yote ya upasuaji aliifanya kwa jicho lililobaki. Mwaka wa 1946 aliwekwa Lira, kisha akahamishiwa Kampala. Mwaka wa 1957 Daktari Hugh Trowell alimwita wodini Mulago amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano, ambaye taya zake zilivimba pande zote nne, juu na chini, kuume na kushoto. Burkitt hakuwa amepata kuona kitu kama kile. Baada ya majuma machache alikuwa Jinja, akatupa macho dirishani, akaona nje mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Akatoka, akampima, akakuta na tumbo pia lina uvimbe. Jambo likitokea mara moja huitwa ajabu. Likitokea mara ya pili humtaka mtu alifuate. Mwaka wa 1958 akaandika habari zake katika jarida la wapasuaji la Uingereza.

Ndipo alipotaka kujua ugonjwa unakaa wapi. Aliwapelekea waganga wa serikali na wa misioni barani Afrika karatasi zenye picha na maswali, na kila jibu likatiwa alama katika ramani. (Baba yake alikuwa mpimaji wa wilaya huko Ayalandi, aliyechora ramani za makao ya ndege wadogo, labda mwana alirithi mkono.) Alama zile zikafanya mshipi uliokatiza Afrika ya kati, ukiwa na mkia ulioshuka kwa pwani ya Msumbiji. Burkitt akataka kuuona ukingo wa mshipi kwa jicho lake. Mwezi wa Oktoba 1961 aliondoka Kampala katika gari kuukuu la Ford, pamoja na wamisionari wawili: Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, na Cliff Nelson. Kwa muda wa majuma kumi walikwenda maili 10,000, wakipita Tanganyika, Nyasaland (ndiyo Malawi ya leo), Rhodesia na Msumbiji hata Afrika ya Kusini, wakasimama katika hospitali zipatazo 60. Kila mahali waliuliza swali moja, wakionyesha picha: Umemwona mtoto kama huyu?

Walipata kwamba karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana katika nchi iliyoinuka kupita futi 5,000 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulishuka. Penye baridi au ukame haukuwapo. Penye joto na mvua ulikuwapo. Tena visiwani Unguja, ambako malaria ilikuwa imepunguzwa sana, wagonjwa walikuwa haba, hali bara ya pili yake walikuwapo. Hapo mbu akaanza kutiliwa shaka.

Jibu la nusu lilitoka London. Mwaka wa 1961 Burkitt alitoa hotuba huko, na msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, akamwomba ampelekee vipande vya uvimbe. Vikatumwa kwa ndege, karibu miaka mitatu, pasipo kuonekana kitu. Mara moja ndege ilichelewa kwa ajili ya ukungu, na maji ya chupa yalipofika yalikuwa meupe kama maziwa yaliyoharibika. Mwingine angaliyamwaga. Epstein akayatazama, akaona seli hai zinaelea, na ndizo zilizokubali kuoteshwa. Mwaka wa 1964, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, alionyesha kwa hadubini ya elektroni kirusi ndani ya seli zile. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kina sehemu katika saratani ya wanadamu.

Hapa wasomaji wasituelewe vibaya. Kirusi hiki hupita kwa mate, na karibu watu wazima wote ulimwenguni wanacho, wala hawaugui saratani. Lakini mtoto akikipata mapema, na huku malaria ikimrudia mara kwa mara, seli za damu zinazopigana na maradhi hulazimishwa kugawanyika sana. Katika kugawanyika huko kipande cha kromosomu ya 8 chaweza kukatika na kuungwa mahali pasipo pake, mara nyingi katika kromosomu ya 14. Na amri ya kukua iliyomo humo haizimiki tena. Mtoto mgonjwa hamwambukizi mwenzake saratani. Wala si uchawi, wala si kosa la mama.

Matibabu ndiyo sehemu ituletayo furaha. Kukata taya hakukusaidia, na mashine za mionzi Uganda hazikuwapo wakati ule. Burkitt akajaribu dawa mpya, kama methotrexate na cyclophosphamide, na baadhi ya watoto, uvimbe wao ukayeyuka kwa siku chache, wengine wasirudiwe tena kamwe. Mwaka wa 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikafunguliwa Mulago. Leo katika nchi tajiri watoto wapatao tisa katika kumi huponywa. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na sababu kubwa haipatikani katika dawa bali njiani.

Twaandika hivi kwa uchungu. Katika mtaa mmoja tunaoujua, mtoto aling'olewa meno matatu yaliyolegea, kisha akapewa dawa ya jipu, kisha akapelekwa kwa mtaalamu wa mitishamba. Miezi miwili ikapita kabla mtu hajataja saratani. Sisi wenyewe tulimwona kanisani kila Jumapili, tukamwuliza hali, tukampa pole.

Basi walimu na watazame vinywa vya watoto: meno yanayolegea kabla ya wakati wake, taya au shavu linalokua upesi bila homa ya jipu, jicho linalotokeza, tumbo linalojaa, miguu inayopoteza nguvu ghafula. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali kubwa juma lile lile, nao wakate kipande cha uvimbe wakipime. Tena mzazi aambiwe mapema kwamba dawa hutolewa kwa zamu kadhaa. Baada ya sindano za kwanza uso hurudi ulivyokuwa, mtoto hucheza, na nauli imekwisha. Wengi hukaa nyumbani wakidhani kazi imekamilika. Seli zilizobaki hazionekani, na uvimbe ukirudi huwa mgumu kutibika kuliko wa kwanza.