Nani Hutaja, Nani Hukata Shauri: Uteuzi wa Miradi ya Jamii katika Historia ya Tanzania na Rwanda

Vitabu vya mipango huueleza uteuzi wa mradi wa jamii kana kwamba ni kazi ya hesabu: mahitaji huorodheshwa, njia za kuyatimiza hupimwa kwa gharama na manufaa, kisha iliyo bora huteuliwa. Makala haya yanadai kwamba, kihistoria, hesabu hiyo hutanguliwa na suala la mamlaka: nani anaruhusiwa kutaja njia, na nani anaweza kuikataa.

Mpango wa karanga wa Tanganyika ulikuwa na njia moja tu tangu mwanzo. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulipendekeza mashamba ya zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa yakiwa Tanganyika. Kilichopimwa ni namna ya kulima karanga. Kama karanga ndizo zilizofaa halikuwa swali. Huko Kongwa, ardhi iliyokauka na kuwa ngumu pamoja na mvua zisizotabirika viliushinda mpango huo. Wagogo waliufahamu ukame wa nchi yao, lakini ujuzi wao haukuwekwa kwenye mizani. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kugharimu pauni milioni 36 hivi za Uingereza.

Mkoani Ruvuma hali ilikuwa tofauti. Vijiji vilivyoungana mwaka 1963 katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, Litowa kikiwa kitovu, viliamua mambo yao mikutanoni: kilimwe nini, mapato yagawanywe vipi, shule ifundishe nini. Mfano huo ulimvutia hata Mwalimu Nyerere. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, na mwaka 1973 kuishi katika vijiji vya ujamaa kukatangazwa kuwa amri. Wazo lililozaliwa kwa hiari likarudi kwa wananchi bila nafasi ya kulikataa.

Nchini Rwanda, serikali ililichukua jina la desturi ya kale ya kusaidiana kulima, ubudehe, ikaanza majaribio Butare mwaka 2001. Wakazi walichora ramani ya eneo lao, wakataja matatizo, kisha wakayalinganisha mawili mawili: maji dhidi ya barabara, barabara dhidi ya mifugo, hadi moja likabaki. Fedha kidogo zilitolewa kulitatua. Ubora wa utaratibu huo ni kwamba kila pendekezo lililoanguka lilianguka hadharani, na mwenye nalo alisikia sababu. Baadaye, ubudehe ukawa pia njia ya kuziweka kaya katika madaraja ya umaskini, ambayo michango ya bima ya afya ilifungamanishwa nayo. Mkutano uliokuwa wa kuchagua mradi ukawa pia wa kuamua jirani yupi ni maskini, na manung'uniko yakafuata.

Tanzania nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilianzisha mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vijiji vilitoa orodha ndefu kuliko bajeti, na katika ngazi ya halmashauri vipaumbele vya kitaifa mara nyingi vilishika nafasi ya vile vya kijiji. Hapa wananchi walipewa haki ya kutaja, ila si ya kukata shauri.

Mifano hii haithibitishi kwamba wananchi hawakosei. Inaonyesha kwamba kosa la mkutano huweza kusahihishwa na mkutano ujao, ilhali kosa la amri husubiri hasara. Kwa washauri wa sera, hatua tatu zinapendekezwa: kiwango cha fedha kijulikane kabla ya orodha kuandikwa, sababu za kuacha kila pendekezo ziwekwe katika muhtasari wa mkutano, na ngazi ya juu inayobadilisha uamuzi wa kijiji irudi kijijini kujieleza. Pasipo hatua ya tatu, mbili za kwanza zitabaki kuwa karatasi.